Yule aliye ng'ambo anaonaje vita vyetu?



Katika vikao vyetu hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, kuna watu ambao hawajawahi kuketi nasi hata mara moja, lakini hakuna kikao kinachokwisha bila wao kutajwa. Ni "wale wa ng'ambo". Tukiuliza kwa nini kijana fulani amekataa kuketi na majirani wake wa zamani, tunajibiwa kwamba kaka yake wa Amerika amemkataza. Tukiuliza habari ya kijiji kuchomwa imetoka wapi, tunaambiwa imetoka katika ujumbe wa sauti uliorekodiwa Ulaya. Kijiji chenyewe kiko hapa hapa Kivu Kusini, lakini habari yake imepitia Ubelgiji kwanza.

Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili katika toleo hili: mtu aliyekimbilia mbali na kukaa huko miaka mingi anauonaje ugomvi wa kwao, na sisi tuliobaki tuyapokeeje maneno yake.

Swali la kijana wa Kadutu

Tulianza kulifikiria kwa sababu ya kijana mmoja. Ilikuwa baada ya Oktoba 2023, wakati picha za Israeli na za Gaza zilipojaa katika simu za watu wote. Kijana huyo alikuwa ameona maandamano ya Wapalestina huko London na Chicago, akauliza: "Hawa wamezaliwa Ulaya, wanakula vizuri. Vita hii ni yao kwa namna gani?" Mzee mmoja aliyeketi nyuma akamjibu: "Na kaka yako wa Amerika, vita yetu ni yake kwa namna gani?" Watu walicheka. Lakini kikao kizima kiligeuka kuwa juu ya swali hilo, na ajenda tuliyokuwa tumeiandaa ikabaki katika karatasi.

Tueleze kwanza kwa ufupi mambo ya huko, kwa maana wengi wanayasikia vipande vipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Palestina ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawanya nchi ile iwe mbili, moja ya Wayahudi na nyingine ya Waarabu. Viongozi wa Waarabu waliukataa mgawanyo huo. Tarehe 14 Mei 1948 taifa la Israeli likatangazwa, na majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia vitani. Katika vita ile Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Wao wanaliita jambo hilo Nakba, maana yake janga. Wayahudi nao wana hesabu yao: ndugu zao milioni 6 waliuawa Ulaya mikononi mwa Wanazi, na baada ya 1948 mamia ya maelfu ya Wayahudi waliondoka katika nchi za Kiarabu walimozaliwa, wengi wakiacha mali na makaburi ya wazee wao nyuma.

Familia nyingi za Kipalestina zilipoondoka zilifunga mlango na kwenda na ufunguo, zikidhani ni safari ya wiki mbili. Funguo hizo ziko hadi leo. Zimetundikwa ukutani katika nyumba za Jordan, Lebanon, hata Chile, ambako kuna Wapalestina wengi kuliko nchi nyingine yoyote nje ya Mashariki ya Kati. Mtoto aliyezaliwa huko, ambaye hajawahi kukanyaga Palestina, akiulizwa kwao ni wapi anataja jina la kijiji cha babu yake, hata kama kijiji hicho kilibomolewa. Msomaji aliyepita kambi ya Nyarugusu hatashangaa. Kule Kigoma kuna vijana waliozaliwa kambini, wenye watoto sasa, na ukiwauliza wanakwambia: kwetu Fizi.

Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 194, linalosema kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka kurudi walipwe mali yao. Halijatekelezwa. Shirika la UNRWA, lililoanza kazi 1950 kama msaada wa muda mfupi, limeandikisha wakimbizi karibu milioni 5.9, kwa sababu watoto na wajukuu wanahesabiwa.

Mmoja wa Wapalestina wa ng'ambo aliyejulikana sana ni Edward Said. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1935, akakulia zaidi Misri, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu New York hadi alipofariki 2003. Mwaka 1992 alirudi Yerusalemu na familia yake na kuiona nyumba ya kwao. Wengine ndio walioitumia. Aliitazama kutoka nje, hakuingia. Mwaka uliofuata Israeli na viongozi wa Wapalestina walitangaza mapatano ya Oslo, na dunia nzima ikapiga makofi. Said hakupiga. Mapatano yale yaliliacha swali la wakimbizi lizungumzwe baadaye, na yeye alisema kwamba watu waliofukuzwa 1948 wamesahauliwa mezani. Wengi walimwona kama mtu anayeharibu amani kutoka mbali, mtu mwenye mshahara mzuri ambaye hatalipa gharama ya vita ikirudi. Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1999, alianzisha pamoja na mwanamuziki wa Israeli, Daniel Barenboim, kundi la muziki la vijana wa Israeli na wa nchi za Kiarabu, ili waketi kiti kwa kiti na kupiga muziki mmoja. Ndiyo kusema, umbali ulimfanya awe mkali kuliko waliobaki, na umbali huohuo ulimpa nafasi ya kufanya jambo ambalo waliobaki lingewagharimu uhai.

Tulipofika hapo katika kikao, yule mzee wa nyuma alisema: "Basi shida si kwamba yuko mbali. Shida ni kwamba aliondoka siku gani."

Tarehe ambayo kila mtu anaibeba

Tumelifanyia kazi neno la mzee huyo tangu siku ile. Hatusemi Kivu ni Palestina. Huko kuna taifa na watu wasio na taifa. Hapa sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema makabila yote yaliyokuwa katika nchi wakati wa uhuru ni ya Wakongo. Huko kuna ukuta; hapa kuna njia ya soko ambayo ng'ombe na muhogo vilipita pamoja miaka mingi. Lakini katika jambo la kukumbuka, tunafanana.

Mtu akiondoka katika vita, saa yake ya nyumbani inasimama siku ile. Huko alikokwenda anaendelea kuzeeka, anazaa, anajifunza lugha, lakini kijiji chake kinabaki kama alivyokiacha: moshi, mayowe, jina la aliyekuja na bunduki. Anayokumbuka ni ya kweli. Anachokosa ni yale yaliyofuata.

Tazama hapa kwetu. Munyamulenge aliyeondoka Oktoba 1996 anakumbuka naibu gavana wa jimbo akiwapa watu wake wiki moja tu waondoke Kivu Kusini. Anakumbuka pia sheria ya 1981, iliyovuruga uraia ambao sheria ya 1972 ilikuwa imewapa watu wengi. Mtu wa Lemera anakumbuka tarehe 6 Oktoba ya mwaka huohuo, wagonjwa walipouawa katika vitanda vya hospitali. Munyindu anakumbuka Kasika, tarehe 24 Agosti 1998, mwami alipouawa pamoja na watu wake na watu wa parokia. Mubembe anakumbuka Makobola, kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu walipouawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 inawataja askari wa RCD na wenzao wa kigeni. Banyamulenge wanakumbuka Gatumba, kule Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa katika mahema, wengi wao wanawake na watoto, na kundi la FNL likasema ndilo lililofanya. Mufuliiru wa bonde la Ruzizi anakumbuka Mutarule, tarehe 6 Juni 2014.

Ripoti ile ya 2010 ina matukio 617, nayo inaishia Juni 2003. Hakuna mtu anayeweza kuyabeba yote. Kila mmoja hubeba lake, na akiwa mbali hulibeba peke yake, bila jirani wa kabila jingine wa kumwambia: "Nami siku ile nilipoteza."

Ndiyo maana kumbukumbu zenyewe zinafanyika mbalimbali. Agosti 13 wengine wanakusanyika kanisani huko Amerika na Kanada, wanawasha mishumaa na kusoma majina. Desemba 30 wengine wanakusanyika, pengine katika mji uleule, wanasoma majina mengine. Ni nadra sana mtu wa kumbukumbu hii aende katika ile.

Mtu mmoja aliyepitia Nyarugusu, ambaye sasa anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama huko Amerika, alitueleza kwa simu jambo ambalo bado tunalifikiria. Anachangia gari na Munyamulenge kwenda kazini. Wanagawana mafuta ya gari. Mmoja akiugua, mwingine anamwombea ruhusa kwa msimamizi. Habari za nyumbani hawazigusi kamwe. "Lakini wakati wa mapumziko," alisema, "mimi naenda upande huu kurekodi sauti kwa watu wangu, naye anaenda upande ule kurekodi kwa watu wake. Halafu tunarudi tunakula pamoja." Sauti hizo mbili zinafika huku kabla jua halijachomoza, na huku hakuna gari la kuchangia.

Hapa lazima tukiri kosa letu wenyewe. Miaka ya kwanza ya kazi hii tulikuwa tunawaambia watu wa ng'ambo, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba waliondoka na sasa wawaachie waliobaki. Mama mmoja aliyeko Ulaya alitukatiza: "Sikuondoka. Nilifukuzwa." Hatukuwa na la kujibu. Anayefukuzwa hapotezi haki ya kusema kwa sababu amepata pa kulala. Na dunia imejua mengi yetu kwa vinywa vya waliofika mbali. Sandra Uwiringiyimana alikuwa na miaka 10 Gatumba ilipotokea na mdogo wake wa kike aliuawa pale. Alifika Amerika 2007, na mwaka 2014 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nani kati yetu, kutoka hema la wakimbizi, angefika kwenye meza ile?

Kwa hiyo siku hizi hatumwambii anyamaze. Tunamuuliza swali moja: uliondoka mwaka gani? Hatumuulizi ili kumdharau. Tunataka tujue anazungumza juu ya kijiji kipi, kile cha 1996 au kile cha leo.

Siku kumi za Minembwe

Mfano mmoja unatosha kuonyesha umbali huo unavyofanya kazi. Tarehe 28 Septemba 2020 viongozi walikwenda Minembwe kusimika mkubwa wa komini ya vijijini iliyokuwa imeundwa kwa dekreti ya 2013. Kwa Banyamulenge wengi wa ng'ambo, ilikuwa kama haki iliyochelewa, kwa sababu walikumbuka wilaya ya Minembwe ya wakati wa RCD ambayo ilifutwa baadaye. Kwa Babembe, Bafuliiru na Banyindu wengi wa ng'ambo, ilikuwa kama ardhi ya wazee wao inakatwa na kugawiwa, kwa sababu nao walikumbuka wilaya ileile na nani aliiunda. Neno moja, kumbukumbu mbili. Simu zilijaa. Tarehe 8 Oktoba Rais Félix Tshisekedi, akiwa Goma, alilisimamisha jambo hilo.

Siku hizo zote tulikuwa tunapokea watu waliokimbia vijiji vya Milima ya Juu. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza juu ya komini. Waliuliza kama njia ya Mikenge imefunguka, kama kuna mtu ameona ng'ombe wao, kama shule itapokea mtoto asiye na karatasi. Hatusemi swali la utawala si kubwa. Ni kubwa, na litazungumzwa tu. Tunasema aliyeko huku ana swali la leo jioni, na aliyeko ng'ambo ana swali la miaka 50, na mara nyingi lile la miaka 50 ndilo linalopiga kelele zaidi.

Miezi sita kabla ya hapo, Machi 2020, wajumbe wa makabila ya Milima ya Juu walikuwa wameketi Murhesa, hapa karibu na Bukavu, kutafuta namna ya kusimamisha mapigano. Mjumbe mmoja alitueleza kwamba alipowasha simu yake jioni ya mwisho alikuta ameshaitwa msaliti na mtu wa ukoo wake ambaye hajaonana naye kwa miaka 20. "Alijua nilichosaini kabla mke wangu hajajua," alisema.

Pesa yenye sharti

Tungeweza kuishia hapo kama ng'ambo ingetuma maneno tu. Inatuma pia pesa. Wakimbizi wa ndani wengi tunaowajua wanalipa nyumba ya kupanga, pesa ya shule na dawa kwa kile kinachotumwa na mtoto, kaka au shemeji. Mwaka 2025, M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa Februari na benki zikafunga milango, pesa ya simu ndiyo iliyolisha nyumba nyingi. Bila ng'ambo wengine wangekufa njaa. Lisemwe wazi.

Lakini kuna pesa nyingine. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika kwamba michango ya watu walioko nje imesaidia makundi yenye silaha ya Milima ya Juu. Anayechanga anaambiwa ni ya kulinda wazee na watoto, na pengine anaamini hivyo kwa moyo wote. Yeye hatauona mwili. Atauona katika picha, ukiwa mwili wa mtu wa upande wake tu, maana ule wa upande mwingine hautumwi katika kundi lake la WhatsApp.

Kati ya pesa hizo mbili kuna ya tatu, ambayo hatukuiona mapema: pesa ya chakula yenye sharti. Tumeijua kwa mama mmoja wa kikao chetu cha Kadutu. Yeye ni Mubembe. Alikimbia Makobola Januari 1999 na watoto wake, wakavuka ziwa hadi Kigoma. Walipoanza kurudishwa kwa boti kutoka Kigoma hadi Baraka, yeye alirudi, mwaka 2006. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikataa kurudi. Alibaki kambini, na miaka baadaye akapata nafasi ya kwenda Amerika.

Mama hakurudi Makobola. Alipanda kwa watu wa mume wake, katika vijiji vya katikati ya mlima, akauza mafuta ya mawese na unga wa muhogo sokoni. Huko alijuana na mzee mmoja Munyamulenge mwenye ng'ombe. Mzee alimpa maziwa kwa mkopo mtoto wake wa mwisho alipougua; yeye alimwekea mzee mafuta bei ikiwa chini. Ng'ombe wakiingia katika muhogo waligombana, wakaenda kwa mkubwa wa kijiji, mzee akalipa, wakaendelea. Haukuwa urafiki wa kuimbiwa. Ilikuwa miaka 13 ya kuishi. Mwaka 2019 vijiji vyote viwili, cha mama na cha mzee, vikaungua katika mwezi mmoja. Mama akafika Bukavu. Mzee naye akafika Bukavu, kwa njia nyingine. Walikutana tena katika kikao chetu, na mama alipomwona alisema tu: "Mzee, uko hai?"

Mtoto wake alilipata jambo hilo kwa picha ya kikao iliyopita katika simu. Akapiga. Alimwambia mama kwamba atatuma pesa ya nyumba kila mwezi kama kawaida, lakini siku atakaposikia ameketi tena na watu wale, asimtegemee. Mama alikuja kutuaga. Alisema: "Mtoto wangu ananilisha, na ananifunga mdomo. Nifanyeje?"

Hatukumpa jibu, kwa maana hatukuwa na nyumba ya kumpa. Tulimuuliza kama mtoto wake anajua habari za miaka ile 13. Akafikiri. "Hapana," alisema. "Yeye anajua Makobola. Mengine sikumwambia. Niliona kama nitamuumiza, kama ninasahau waliokufa."

Hapo tulielewa kwamba si mtu wa ng'ambo peke yake anayeisimamisha saa. Sisi tulio huku tunamsaidia kuisimamisha. Tunamtumia habari za moto, kwa sababu moto ndio unaoleta msaada na ndio anaoulizia. Habari ya maziwa ya mkopo hatuitumi. Baada ya miaka 20 anakuwa na picha ya kwao yenye moto tu, kisha tunashangaa akizungumza kwa ukali.

Tangu hapo tumeomba familia za vikao vyetu zijaribu mambo machache. Ujumbe wa sauti ukifika, kabla ya kuupeleka kwa mwingine, ulizeni: aliyesema alikuwepo? Ni lini? Kama hakuwepo, nani alimwambia? Katika mtaa mmoja wakubwa walikubali ujumbe wa namna hiyo uishie kwao kwanza, wampigie mtu wa kijiji chenyewe kabla haujasambaa. Mara mbili walikuta kijiji kilichotajwa hakijachomwa. Mara moja walikuta kimechomwa kweli, na walilisema hivyo, na watu wakawaamini zaidi. Tumeomba pia wale wanaopiga simu nje wasimulie hata yasiyo ya vita: bei ya sombe, nani ameoa, nani alimsaidia nani kubeba mzigo siku ya kukimbia, na kabila la aliyesaidia. Si kazi ya propaganda. Kama hakuna aliyesaidia, msibuni.

Kwa wakubwa tunaongeza neno moja, tukirudi kwa yale ya Oslo. Mkiketi kupatana juu ya kurudi, juu ya mashamba na njia za ng'ombe, msifanye kana kwamba walioko Nyarugusu, Burundi, Rwanda, Uganda na Amerika hawapo. Wana mashamba pale, wana makaburi pale. Wakisahauliwa mezani, watarudi kwa simu.

Yule mama hakuacha kuja. Alikuja kwa siri mara mbili, kisha akachoka na siri. Jumapili moja alituomba tuwepo nyumbani kwake, akamwita mzee pia, na akampigia mtoto wake kwa picha. Alimwambia: "Huyu ndiye aliyempa mdogo wako maziwa. Msalimie, kisha unitukane ukitaka."

Kijana alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Shikamoo mzee," kama walivyomfundisha Tanzania. Mzee hakuijua salamu hiyo. Akajibu, "Jambo, mtoto wangu."

Kijana alimuuliza alikuwa wapi Desemba 1998. Aliuliza kwa ukali. Mzee akamwambia alikuwa mlimani na ng'ombe, kwamba alizisikia habari za Makobola siku zilizofuata, na kwamba kati ya vijana waliokuwa askari wakati ule kulikuwa na mtoto wa dada yake. Hajui kama alifika pale. Aliuawa baadaye, hakuwahi kumuuliza. Chumbani hakuna aliyesogea. Kijana akauliza jina la huyo mtoto wa dada. Mzee akamtajia. Akauliza tena kama mzee mwenyewe alipoteza mtu. Mzee akamtajia wawili wa Gatumba.

Hawakusameheana, wala hakuna aliyeliomba hilo. Walizungumza karibu dakika 20, mwisho wakiwa juu ya ng'ombe: wangapi walichukuliwa, njia gani walipitishwa. Kijana alisema ana zamu, akakata.

Mwezi uliofuata pesa ya nyumba ilifika tarehe ileile. Sharti hakulirudia, wala hakusema ameliondoa. Mama bado anakuja vikaoni. Anaketi mahali pake, karibu na dirisha, na simu yake imewashwa.